Nyumba Iliyojiuzulu Ualimu

Wapo miongoni mwetu wanaoamini kwamba mtoto huanza kuelimika siku anapovishwa sare. Kabla ya siku hiyo, kwa maoni yao, alikuwa akilishwa na kuogeshwa tu. Na baada yake, kazi ya wazazi ni kutoa nauli, kununua madaftari na kungoja ripoti ya mwisho wa muhula. Katika makala haya nakusudia kuipinga imani hiyo. Siipingi kwa kuidharau shule, kwani nimeshika chaki kwa miaka mingi na riziki yangu imetoka humo. Naipinga kwa sababu inaiua shule iliyotangulia shule zote, yaani nyumba yenye watoto wengi, ambayo ratiba yake ilikuwa ni majira ya mwaka.

Miaka kadhaa iliyopita niliwaomba wanafunzi wa kidato cha pili wanitajie majira. Kijana mmoja alisimama akayataja manne, kwa Kiingereza safi, likiwamo lile la theluji na lile la kupukutika majani. Wakati huo upepo wa kusi ulikuwa ukivuma hata madirisha yakigongana. Nikamwuliza, "Na huu unaovuma sasa ni upepo gani?" Akajibu, "Ni upepo tu, Mwalimu." Darasa likacheka, nami nikacheka nao. Lakini kijana yule alikuwa mtoto wa mvuvi.

Nani alaumiwe? Desturi yetu ni kumtaja mkoloni, na kweli mkoloni ana deni lake. Hata hivyo, Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana iliundwa mwaka 1962, na tangu hapo imepita zaidi ya miaka sitini. Kijana yule hakupata kutawaliwa na mkoloni, wala baba yake hakupata kutawaliwa naye. Aliyemnyima jina la upepo ni nyumba yake mwenyewe.

Mimi nililelewa kusini mwa Unguja, katika nyumba ya watoto kumi na mmoja, tukiwahesabu na wa baba mkubwa. Shuleni watoto hupangwa kwa umri, wa miaka saba na wa miaka saba, kama sahani kabatini. Nyumbani kwetu hapakuwa na mpango huo. Dada mkubwa alimfundisha wa pili yake kusuka ukili, naye akamwonyesha wa tatu, na mdogo kabisa akachezea chane zilizobaki hadi siku moja tukamwona anasuka. Bibi hakufundisha watoto kumi na mmoja. Alifundisha wawili, nao wakamaliza kazi. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi sitini na afikirie maana ya jambo hilo.

Na somo lenyewe halikuwa dogo. Mwaka wetu ulianza kwa Nairuzi, siku ambayo mpaka leo watu wa Makunduchi huiadhimisha mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa. Wengi wanaijua sherehe hiyo kwa wanaume wanaopigana kwa vigogo vya migomba na kwa kibanda cha makuti kinachotiwa moto. Wachache wanajua kwamba Nairuzi ilikuwa mwanzo wa hesabu. Tangu siku hiyo, siku za mwaka zilihesabiwa kumi kumi, na kila kumi iliitwa mwongo. Miongo thelathini na sita ni siku 360. Zikibaki tano, mwaka umetimia siku 365. Mkulima aliyeshika hesabu hiyo alijua ni mwongo gani wa kutazamia vuli na ni upi wa kusafisha konde kabla ya masika. Nahodha naye alijua lini kaskazi itashika, na lini kusi itampa njia ya kurudi kwao.

Pembeni ya mwaka huo wa jua tulikuwa na mwaka wa mwezi, wenye siku 354 au 355, ambao ndio wa ibada. Mfungo Mosi ulifuata Ramadhani, na katika Mfungo Sita tulisoma Maulidi. Kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, Ramadhani haikai mahali pamoja: ile ya mwaka 2015 ilifungwa Juni na Julai, wakati wa kusi, na ile ya mwaka 2024 ilianza Machi, masika yakikaribia. Huchukua takriban miaka thelathini na mitatu kuyazunguka majira yote na kurudi ilikoanzia. Babu alitueleza haya kwa kokwa za tende juu ya mkeka. Hesabu ile ya kokwa ni ya kiwango cha sekondari, na aliyeifanya hakupata kukaa darasani hata siku moja.

Mwezi huohuo ulitufundisha bahari. Mwezi ukiandama na ukipevuka, maji huwa ya bamvu: hukupwa mbali na kujaa sana, na hapo ndipo mama zetu walipokwenda pwani kutafuta pweza na chaza. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, na siku hizo watu walishughulikia kazi za nchi kavu. Mtoto wa miaka minane alijua kwa kutazama juu kama kesho atakula pweza. Leo tunamfundisha nguvu ya mvutano wa mwezi kwa mchoro wa ubaoni, naye hukariri mchoro ule bila kushuku kwamba unahusu bahari iliyo nyuma ya choo cha shule.

Sisemi haya kwa watu wa pwani peke yao. Kagera watoto waliyajua majira ya senene, na usiku wa kuwakamata ulikuwa wa nyumba nzima. Wachaga hurudi Kilimanjaro kila Desemba kwa maelfu, na safari hiyo ingetosha kuwa muhula kamili: kihamba na mipaka yake, mifereji ya maji iliyochimbwa na mababu, jani la sale linaloombea msamaha. Badala yake, watoto wengi hukaa siku nne ndani ya gari wakitazama simu, kisha hurudi mjini wakiwa wamejifunza urefu wa foleni ya Chalinze.

Tunapenda kusema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi wanaume tumeifurahia mno methali hii, maana inatuacha tukae barazani. Babu yangu hakukaa barazani.

Mwaka 2023, huku Tanzania Bara, serikali ilitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Nilisikia wazazi wenye uwezo wakinung'unika kwamba sasa watamweka wapi mtoto. Swali hilo latisha. Mtoto wa miaka sita huwekwa kwao.

Wapo pia waliosikia kwamba huko Marekani sheria za majimbo yote humruhusu mzazi kumfundisha mwanawe nyumbani moja kwa moja, nao huniuliza kama hilo ndilo nitakalo. La, hasha. Taifa hili lilianzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimu kila mzazi kumpeleka mtoto shule. Tukiulegeza wajibu huo, wa kwanza kubakizwa jikoni atakuwa msichana. Nami nakiri kwamba nyumba ile ninayoisifu ilikuwa na dhuluma yake: dada yangu alibeba maji huku mimi nikihesabu kokwa, na unyago uliwaozesha wengine kabla hawajakomaa. Anayeyatetea hayo kwa jina la utamaduni asinihesabu upande wake. Lakini kupepeta si kumwaga ungo mzima.

Wataniambia kwamba mzazi wa mjini hana wakati, kwani huondoka alfajiri na kurudi watoto wamelala. Ni kweli kwa wengi, na sina dawa ya foleni. Ila mzazi huyohuyo hupata fedha na saa za kumpeleka mtoto twisheni siku zote za likizo, akasome tena alichosomeshwa muhula mzima. Likizo ile ndiyo iliyokuwa muhula wa nyumba, nasi tumeiuza.

Nirudi kwa wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Siku ile niliwapa kazi moja tu ya nyumbani: wakaulize jina la upepo unaovuma na mwezi utakaokoma. Walikuwa hamsini na wawili. Kesho yake kumi na tisa walirudi na jibu, na yule mtoto wa mvuvi alikuwa mmoja wao. Alisimama kulieleza kwa urefu hata kengele ikamkatiza. Thelathini na watatu waliobaki waliuliza pia. Nyumbani waliambiwa, "Kamwulize mwalimu wako."