WANATURUDISHIA SHATI, MSHAHARA HAURUDI

Wandugu wa machimbo, na ninyi wananchi wa Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo na Lubunga!

Siku hizi mtu akipita mjini Kisangani aweza kudhani kalenda imegeuka nyuma. Vijana wanavaa suruali zilizopanuka chini kama masikio ya tembo, zile za baba zetu wakati Franco na OK Jazz walipotawala kila baa. Mafundi wa cherehani wanaombwa washone blauzi za mikono iliyovimba, kama ile ya mama katika picha ya arusi. Wazee wametoa abakosti sandukuni na kuipiga pasi. Na kijana mwenye bahati ameipata jezi ya Zaire ya mwaka 1974, yenye kichwa cha chui kifuani.

Sisi hatuna ugomvi na nguo. Avae kila mtu apendavyo. Tunakumbuka kwamba huko Tanzania vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, na tangu Januari 1969 wakawakamia wasichana njiani kwa ajili ya sketi fupi na nywele za bandia. Hatutaki kuwa askari wa namna hiyo. Ugomvi wetu uko na maneno yanayotembea pamoja na nguo. Mtu akishafunga kifungo cha mwisho cha abakosti, mara anakohoa na kusema: «Zamani kulikuwa na heshima. Zamani kulikuwa na serikali. Turudi kule.»

Turudi wapi, bwana?

Abakosti jina lake limetoka katika maneno ya Kifaransa yanayosema suti na ianguke. Mobutu aliileta mwanzoni mwa miaka ya 1970, pamoja na amri ya mwaka 1972 ya kuacha majina ya ubatizo ya kizungu. Kravati ikawa kosa. Wanawake wakakatazwa suruali. Tuliambiwa hili ndilo vazi la asili yetu. Lakini wakubwa abakosti zao walishonewa Ubelgiji, katika nyumba ya Arzoni! Asili yetu ilivuka bahari ikipimwa mabega na Mbelgiji, halafu ikarudi na bei yake. Maskini ndiye aliyebaki na ile ya kitambaa kigumu, akaivaa Jumamosi akienda salongo, yaani kazi ya bure kwa serikali.

Wako pia wazee wanaoruka mbali zaidi, wanasifu wakati wa Wabelgiji: njia safi, dawa hospitalini, mji uliopangwa. Wazee wetu tunawaheshimu. Lakini pamba ya wakati ule ililimwa kwa fimbo. Tangu mwaka 1948 Mweusi aliyesoma aliomba kadi ya sifa njema, naye mkaguzi aliweza kuingia nyumbani mwake kutazama kama watu wanakula kwa uma na kama choo ni kisafi. Kwanza tuliambiwa tuvae kravati ili tuwe watu. Halafu tukaambiwa tuivue ili tuwe watu. Ilifika tarehe 24 Aprili 1990, pale Nsele, Mobutu akatokwa machozi, akaruhusu vyama vingi na kravati katika hotuba moja, na watu walishangilia vyote viwili.

Na hesabu je? Karani hawezi kulala bila hesabu. Wanaosema zamani fedha ilikuwa fedha wana haki nusu. Zaire ilipozaliwa mwaka 1967, moja ilikuwa sawa na dolari 2 za Marekani. Basi nani aliiua? Novemba 30, 1973, maduka na mashamba ya wageni yalitwaliwa, yakagawiwa kwa wapendwa wa utawala. Wengi wao waliuza mali iliyokuwemo, wakafunga mlango, rafu zikabaki na vumbi. Mwaka 1993 wakaleta zaire mpya: uliyeweka akiba 3,000,000 ulipewa 1. Mwaka 1998 ikaja franka, ikameza zaire mpya 100,000. Pigeni wenyewe hesabu: franka moja kwa zaire bilioni 300 za wakati ule unaosifiwa. Waliovaa abakosti nzuri kuliko wote ndio walioshika ufunguo wa hazina.

Tutazame ile jezi ya chui, kwa sababu ndani yake mna habari yote. Mwaka 1974 wachezaji wetu walichukua kombe la Afrika huko Misri, na Ndaye Mulamba alifunga mabao 9. Miezi michache baadaye wakaenda Ujerumani ya Magharibi, timu ya kwanza ya Waafrika weusi kutoka kusini ya Sahara katika Kombe la Dunia. Huko wakasikia fedha walizoahidiwa haziji. Wakakasirika, wakataka kugoma, kisha wakaingia uwanjani na Yugoslavia ikawafunga 9 kwa 0. Ulimwengu ulicheka. Ndaye Mulamba alipigwa risasi ya mguu na wanyang'anyi mwaka 1994, akakimbilia Afrika Kusini, akaishi kimaskini Cape Town, akafa mwaka 2019. Leo jezi inauzwa, na si kwa bei ndogo. Shati limerudi. Mshahara wa waliolitoa jasho haukurudi.

Na kikwembe! Hapa mama zetu watatuelewa. Kisangani ilikuwa na kiwanda chake, SOTEXKI, cha miaka ya 1970. Pamba ilitoka mashambani kwetu, nyuzi zikasokotwa hapa, rangi ikapigwa hapa, na mama aliyeshika kitambaa kwa vidole viwili alijua kama ni chenyewe au ni cha uongo. Baba alienda kiwandani kwa zamu, mtoto alilipiwa shule, muuza mihogo penye mlango wa kiwanda naye alipata. Ni kweli, mashine za nchi zilichapa hata uso wa mkuu, ukakaa juu ya matako ya watu wakati wa kucheza na kumsifu. Jambo hilo lilimfurahisha mkuu, nasi hatujui kwa nini. Leo maua yale yale ya zamani yanarudi sokoni, watu wanayagombania, lakini kitambaa kimechapwa China. SOTEXKI haina tena nguvu ile.

Kwa hiyo mama anayetafuta kikwembe cha ujana wake hatumcheki. Anatafuta zamu ya mumewe. Mzee wa abakosti anatafuta magoti aliyokuwa nayo, siku alipocheza hadi alfajiri na asubuhi akaenda kazini. Ni haki yake kuyalilia. Lakini magoti hayo hakupewa na Mobutu wala na Bulamatari. Alikuwa kijana, basi.

Nasi wa miaka thelathini na kitu tuna zamani yetu: ndombolo, kubebwa juu ya toleka, suruali kubwa za kuburuta chini. Nazo zimeanza kurudi. Katika zamani hiyo hiyo mna Juni 2000, siku sita ambazo majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana kwa makombora ndani ya mji huu, na watu walizikwa viwanjani mwa nyumba zao. Suruali tutaivaa. Hatutasema ulikuwa wakati mzuri.

Hata katika mikutano ya chama wako vijana wanaochana nywele kama Lumumba na kuvaa miwani kama yake. Vizuri. Lakini waliojaa kumsikiliza hapa Stanleyville, Oktoba 1959, hawakuja kutazama miwani. Walikuja kudai nchi.

Chama kinadai mashine za SOTEXKI zizunguke kwa nguvu zote na mkulima wa pamba alipwe bei inayomfaa. Kinadai mchimbaji apewe karatasi inayoonyesha alichochimba na alicholipwa, naye aweze kuisoma.

Uchaguzi ukikaribia, mabwana watashuka tena Bangboka. Mmoja atakuwa na abakosti, mwingine na kofia ya ngozi ya chui, na nyuma yao masanduku ya mashati na vikwembe vya bure. Vipokeeni, nguo ni nguo. Kisha mgeuze kitambaa, mtafute pindo, mumwulize bwana pale pale mbele ya watu kimechapwa wapi, na ni wafanyakazi wangapi wa Kisangani waliolipwa kwa kukitengeneza. Akianza kuimba badala ya kujibu, mwacheni aimbe peke yake. Watoto wenu wasisimamishwe juani kumchezea.