Kipimo Kisichosomeka Hakina Faida

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika kurasa za Kiswahili niseme neno juu ya chama chetu cha sayansi.

Likizo iliyopita nilipita shuleni, nikaonyeshwa kipimo cha kina cha maji ambacho wanachama wamekitengeneza kwa kompyuta ndogo ya Arduino. Kazi ni nzuri, nami nawapongeza. Lakini nilipouliza maji yana kina gani, nilijibiwa kwamba sharti tungoje kompyuta ya mwalimu, maana nambari huonekana humo tu. Na mwalimu alikuwa amekwenda mjini. Basi nikajiuliza, kipimo hiki ni cha nani?

Sisi wa Kasese hatuwezi kulifanya jambo la maji kuwa mchezo. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika ukaharibu Kilembe. Mwezi wa Mei 2020 ukafurika tena, pamoja na Mubuku, Nyamughasani, na Lhubiriha wetu wa hapa Bwera, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Kipimo cha wanafunzi hakitachukua mahali pa onyo la serikali, lakini hata cha kujifunzia kiwe cha kusomwa na kila apitaye.

Kwa hiyo nashauri kifungwe kioo kidogo cha mistari miwili, kila mstari herufi 16. Wengine watasema kina nyaya nyingi. Ni kweli kwamba ukikifunga kwa njia ya zamani, huhitaji nyaya sita za kupeleka herufi, mbali na zile za umeme. Lakini siku hizi vioo vingi huuzwa vikiwa na kibao kidogo mgongoni, na nyaya ni nne tu: mbili za umeme, mbili za maneno. Katika Arduino Uno, waya wa SDA huingia A4, na wa SCL huingia A5. Alama hupita moja baada ya moja, kama watu wapitao mlango mwembamba wa mpaka pale Mpondwe. Waya mmoja huzichukua, wa pili hupiga hesabu ya hatua. Njia hii ilibuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1982. Ila nyaya hizi ziwe fupi, kwani zikirefushwa mno maneno huvurugika.

Najua na taabu yake. Changu cha kwanza kiliwaka taa bila kuonyesha herufi hata moja. Nilimlaumu mwenye duka, nikataka kukirudisha. Kumbe kosa lilikuwa langu. Mgongoni pana skrubu ndogo ya kurekebisha weusi wa herufi; nilipoizungusha kwa bisibisi, mstari wa juu ukajaa vijisanduku vyeusi. Hapo nikafahamu kwamba kioo ni kizima, ila hakijaitwa kwa anwani yake. Programu niliyoinakili iliita 0x27, na changu huitika 0x3F. Nikabadili, kikasema. Mchagua jembe si mkulima.

Neno la mwisho ni juu ya lugha. Herufi 16 ni chache, basi zisipotezwe kwa maneno ambayo mama wa sokoni hayafahamu. MAJI YANAPANDA ni herufi 14 pamoja na nafasi, nayo hufahamika Bwera na ng'ambo ya mpaka, Kasindi. Mstari wa pili uandikwe Lhukonzo.

Enyi wanachama, msikasirike. Mmekwisha fanya kazi iliyo ngumu; iliyobaki ni nyaya nne na skrubu moja. Nitakapopita tena nataka kusoma kina cha maji mwenyewe, hata kama mwalimu yuko mjini.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Zamani,
Bwera