Wasichana wa Lodwar na Kakuma, safari ya kuwinda ianze na kibali

Fungua simu, andika "wanawake wawindaji", na baada ya dakika mbili utakuwa umezama kwenye video. Wamarekani waliovaa kofia za rangi ya machungwa wanapiga picha kando ya mnyama aliyelala chini, wote meno nje. Huko kwao kuna hata mpango unaoitwa Becoming an Outdoors-Woman, ulioanzia jimbo la Wisconsin mwaka wa 1991, ambao huwafundisha akina mama kulenga shabaha, kuvua samaki, kusoma ramani na kulala nje. Wanaenda kwa kundi, bila waume wala kaka, na wanarudi na hadithi. Si ajabu basi kwamba msichana wa Lodwar akiziona hizo video anauliza: na sisi je?

Swali ni zuri. Ila kabla mtu hajafungua kundi la WhatsApp na kuanza kuitisha mchango, kuna mambo ya kusema wazi.

Kwanza, kuwinda hakuruhusiwi Kenya. Serikali ilipiga marufuku mwaka wa 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ikakaza fundo. Iwe ni kwa mchezo, kwa kitoweo cha nyumbani au kwa kuuza nyama, yote ni makosa. Ukinaswa na digidigi mmoja ndani ya gunia, hakimu hatakuuliza kama ulikuwa mradi wa kuinua wasichana. Tanzania wana vitalu vya uwindaji wa kitalii na Uganda pia wana sehemu zao, lakini huko unaingia kwa leseni na ada ambazo hata mbunge angekuna kichwa.

Wapo wanaosema marufuku haijasaidia kitu, na hoja yao haipaswi kupuuzwa. Watafiti waliohesabu wanyama katika nyika za Kenya waligundua kwamba idadi yao ilishuka kwa takriban asilimia 68 kati ya 1977 na 2016, yaani katika miaka ileile ambayo bunduki za wawindaji wenye leseni zilikuwa zimenyamaza. Mjadala huo uendelee. Lakini kwa Turkana ya leo, hata ungepewa ruhusa na mkuki, ungetembea kutwa nzima urudi na kiu tu.

Mkuki ubaki nyumbani, basi. Safari isibaki.

Maana ukiondoa kuua, uwindaji una mambo mengi: kuamka kabla ya jua, kusoma nyayo, kujua upepo unatoka wapi, kukaa kimya. Na hapa Turkana wasichana wengi tayari wana elimu hiyo, tena ya bure. Msichana aliyechunga mbuzi akiwa na miaka minane anajua alama ya fisi na alama ya mbwa, anajua mbweha alipita jana au alfajiri hii. Anajua mti wa mkoma, ambao sisi tunauita eng'ol, na anajua matunda ya edome huiva lini. Anajua kwamba mbegu za edapal, chakula cha wakati wa ukame, huchemshwa kwa muda mrefu na maji kumwagwa tena na tena ili uchungu uishe. Hayo yote aliyapata kwa mama na nyanya yake. Akifika Lodwar mjini, akavaa sare ya shule, anaanza kuyaonea haya. Ati ni mambo ya reserve.

Haya hayo hayana maana. Mwaka wa 2019, karibu na Amboseli, wanawake wanane wa Kimaasai waliajiriwa kuwa walinzi wa wanyamapori, kundi linaloitwa Team Lioness. Wanalipwa mshahara kwa kazi ya kutembea porini, kusoma nyayo na kujua nani amepita. Hiyo ni ajira, dada. Na upande wetu huu wa ziwa, watu hutoka Ulaya na Marekani kuja kuwinda mawe na mifupa. Kijana wa Turkana aliyekufa miaka milioni moja na nusu iliyopita alipatikana Nariokotome mwaka wa 1984. Kule Lomekwi, timu iliyoongozwa na mwanamke, Sonia Harmand, ilipata zana za mawe zenye umri wa miaka milioni 3.3, na ulimwengu ukatangaziwa mwaka wa 2015. Jicho linaloona jiwe tofauti kati ya mawe elfu ni jicho la mwindaji. (Ukiliona, usiliweke mfukoni. Sheria inalinda visukuku pia. Piga picha, kumbuka mahali, uwaambie watu wa makumbusho.)

Tunapendekeza safari moja, siku mbili, wasichana kumi na wawili hivi. Kutoka Lodwar hadi Kalokol ni kama kilomita 60. Njiani kuna Namoratunga, yale mawe yaliyosimamishwa na watu wa kale, ambayo wengi wetu tumeyapita mara mia bila kushuka kwenye gari. Kutoka Kalokol mnapanda boti ya injini kwenda Central Island, kisiwa chenye maziwa matatu ndani ya mashimo ya volkano, na mamba wanaozaliana humo. Ni mbuga ya taifa, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na Sibiloi tangu 1997. Iko kwetu. Watalii kutoka mbali wanaijua kuliko mtu aliyezaliwa mtaa wa pili kutoka stendi ya Lodwar.

Sasa tufike penye uzito. Mipango ya aina hii huwa inakwenda hivi: wasichana wa Lodwar wanapanga tarehe, wanachanga, wanatafuta gari, halafu siku tatu kabla ya safari mtu anakumbuka, "Na wale wa Kakuma?" Wale wa Kakuma wanaambiwa waje. Hawaji. Kisha wanasemwa kwamba hawako serious.

Kakuma iko kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, lakini kwa msichana mkimbizi umbali huo haupimwi kwa kilomita. Hawezi kufunga mkoba akapanda Probox asubuhi. Anahitaji kibali cha kusafiri kutoka Idara ya Huduma za Wakimbizi, na akipatikana kwenye kizuizi cha polisi bila hicho kibali, siku yake imeharibika, pengine na wiki. Kambi ilifunguliwa 1992. Kuna wasichana waliozaliwa ndani yake, wakasoma ndani yake, wakamaliza kidato cha nne ndani yake, na hawajawahi kuliona Ziwa Turkana. Wanaishi kaunti moja na ziwa hilo.

Sababu zilizozoeleka za kuomba kibali ni matibabu, masomo na biashara. Kwenda kutazama mamba na wenzako si sababu iliyozoeleka, na ndiyo maana barua lazima iandikwe vizuri. Iwe ni safari ya masomo, kwa sababu ni kweli ni safari ya masomo. Iwe na majina yote, nambari za hati za kila mmoja, tarehe ya kutoka na ya kurudi, nambari ya gari, na saini ya mwalimu au kiongozi wa shirika anayejulikana hapo kambini. Ipelekwe mapema, miezi miwili kabla kama inawezekana. Tarehe ya safari ifuate kibali, kibali kisikimbizwe kufuata tarehe.

Msichana mwenyeji naye ana kibali chake, ila hicho hakina karatasi. Ni baba, au kaka mkubwa, au mjomba aliye na mipango ya mahari kichwani. Safari ya kulala nje usiku mmoja inatosha kuanzisha maneno. Usimdanganye mzazi kwamba ni semina ya kanisa, kwa sababu siku moja mtu atakuona Kalokol, na baada ya hapo hakuna msichana wa mtaa huo atakayeruhusiwa tena. Tafuteni akina mama wawili wa heshima waandamane nanyi. Wala wasiwe walinzi wa kukaa pembeni. Wao ndio walimu wa nyayo na wa miti, na walipwe kitu kidogo kama ambavyo mngemlipa mtembeza watalii yeyote.

Tunajua atakayeuliza: mgao wa chakula Kakuma umepunguzwa mwaka wa 2025 hadi watu wakaandamana, na nyinyi mnaongea matembezi? Ndiyo, tunaongea. Kwa wasichana wengi wa kambini, kutoka nje porini kuna maana moja tu: kuni. Wanaenda kwa hofu, wanarudi kwa haraka, na wengine wamedhulumiwa huko. Nchi yote inayowazunguka wameijua kama mahali pa hatari. Kuiona kwa siku mbili, mchana, wakiwa na wenzao na mama anayejua jina la kila mti, hakutajaza sufuria. Lakini hata pesa za safari hii zikirudishwa zote kwenye sufuria, hazitajaza za wiki moja.

Kuhusu usalama hatutaki mzaha. Njia ya kusini kuelekea Kainuk ina historia ya mashambulizi, na mpakani Todonyang wavuvi wameuawa. Ndiyo maana tumechagua Kalokol. Mwambieni chifu wa Lodwar na wa Kalokol kwamba mnapita. Msisafiri usiku. Msimu wa mvua ahirisheni, kwa sababu laga ikijaa haiangalii kama mmelipia boti, na Kawalase tunaijua sote. Ziwani, upepo ndio bosi. Asubuhi ukivuma, mnangoja, hata kama mwenye boti anasema ni kawaida. Kila kichwa kiwe na jaketi lake la kuokoa maisha, na jaketi zihesabiwe nchi kavu kabla ya injini kuwashwa. Kama boti ina saba na nyinyi ni kumi na wawili, basi mnaenda kwa awamu mbili au mnatafuta boti nyingine.

Pesa zikae M-Pesa kwa jina la watu wawili wanaoaminika, mmoja Lodwar na mmoja Kakuma, kila mmoja akishika za upande wake na hesabu ikitumwa kwenye kundi kila Ijumaa. Bebeni maji mengi kuliko mnavyodhani, na sodo za akiba kwenye mfuko mmoja unaojulikana na wote, ili hakuna mtu anayelazimika kuomba kwa kunong'ona mbele ya dereva.

Na kaunti? Kila mwaka tunasikia hotuba za utalii, hasa wakati wa Tobong'u Lore, sherehe ambayo jina lake lina maana ya kurudi nyumbani. Wageni wanakaribishwa warudi. Tunaomba jambo dogo: idara ya utalii ya kaunti ikae na Shirika la Wanyamapori, KWS, wakubaliane siku chache kwa mwaka ambapo vikundi vya vijana wa Turkana, wenyeji na wakimbizi, wanaingia Central Island bila ada. Na Idara ya Huduma za Wakimbizi iseme hadharani kama inakubali barua moja ya kikundi, badala ya wasichana sita kupanga foleni sita. Serikali ilipozindua Mpango wa Shirika mwaka wa 2025, ilisema inataka wakimbizi na wenyeji waishi pamoja. Hii ni nafasi rahisi ya kuonyesha.

Likizo ya Agosti inafaa, mvua ndefu zikiwa zimepita. Ikiwa ni hivyo barua iwe mezani Kakuma mwanzoni mwa Juni. Mwenye mwandiko mzuri aanze kuiandika, na kwenye orodha ya majina, ya Kakuma yatangulie.