Kwenye reli, kimya kiwe taa nyekundu

Leo tuweke programu kando kidogo, tuongee reli.

Najua utauliza: Garissa kuna reli gani? Kweli, hakuna. Tangu mradi wa LAPSSET uzinduliwe Lamu mwezi Machi 2012, reli ya kutoka Lamu kupitia Garissa hadi Isiolo tunaiona kwenye ramani tu. Ndiyo maana nasema sasa. Kosa ni rahisi kulirekebisha likiwa bado kwenye mchoro.

Tarehe 7 Juni 2021, huko Ghotki, Pakistan, treni ya Millat Express iliacha njia na mabehewa yake yakalalia reli ya pili. Muda mfupi baadaye Sir Syed Express ikayagonga. Watu zaidi ya 60 walikufa. Chanzo? Reli ilikatika pale ilipounganishwa kwa kuchomelewa.

Sasa sikia hii: mbinu ya kugundua reli iliyokatika ni ya mwaka 1872! Mmarekani William Robinson alipitisha umeme mdogo kwenye reli zenyewe. Umeme ukifika, treni inaruhusiwa kupita. Reli ikikatika, umeme haufiki, ishara inajigeuza kuwa ya hatari. Sisi waandishi wa programu tunaifahamu: seva isiposema "nipo", tunaihesabu imekufa.

Lakini hapa kwetu hiyo pekee haitoshi. Januari 1993, kule Ngai Ndethya, mafuriko yalibomoa daraja na treni ya abiria ikatumbukia mtoni. Zaidi ya watu 100 walikufa. Daraja likienda, reli inaweza kubaki ikining'inia hewani, na umeme ukaendelea kupita kama kawaida. Anayeujua Mto Tana ananielewa. Aprili 2024 maji yalikata barabara pale Madogo, abiria wakavushwa kwa mashua, moja ikazama na watu wakafa.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: daraja la reli la Tana liwe na vipimo vya kina cha maji na mtikisiko wa nguzo, vitume "niko salama" kila dakika. Mtandao ukipotea, na mnaujua mtandao wetu, treni isimame. Itachelewa? Na ichelewe! Heri abiria anayelalamika stesheni kuliko anayetafutwa mtoni.

Ni hayo tu kwa leo. Wewe waonaje?