Unaona Mabaki Yao? Picha za Majitu ya Aad na Mifupa ya Kweli ya Lindi



Ile picha imerudi tena kwenye magrupu. Unaijua. Shimo limechimbwa, ndani yake kuna mifupa ya binadamu mzima, fuvu lake kubwa kuliko mtu aliye pembeni yake. Chini yake pana maelezo: kampuni ya mafuta ya Aramco ilikuwa inatafuta gesi katika jangwa la Rub' al-Khali, ikafukua mifupa ya kaumu ya Aad, jeshi la Saudia likafunga eneo lote. Halafu takbira tatu, na "sambaza upate thawabu".

Ndugu yangu, ile picha ni ya uongo. Sisemi "huenda". Ni ya uongo, na aliyeitengeneza anajulikana.

Mwaka 2000, watafiti wa chuo kikuu cha Cornell walikuwa wanafukua mifupa ya mastodoni, mnyama wa jamii ya tembo aliyetoweka, huko Hyde Park katika jimbo la New York. Picha ikapigwa kutoka juu. Mwaka 2002 msanii mmoja wa Kanada anayejiita IronKite akaichukua, akabandika mifupa ya binadamu juu yake kwa kompyuta, akaipeleka kwenye mashindano ya kuchezea picha. Mashindano, ndugu yangu! Mwaka 2004 gazeti moja la Bangladesh likaiandika kuwa ni majitu ya Aad. Mwaka 2007 jarida moja la India likaitoa picha hiyo hiyo likisema ni jitu la kwenye visa vya Kihindu, limeonekana kaskazini mwa India. Na wako Wakristo wanaoirusha kuwa ni majitu ya Biblia. Sasa niambie, dalili inayothibitisha dini ya kila mtu inathibitisha nini?

Lakini jambo linaloniuma zaidi ni Qur'ani yenyewe. Fungua Suratul Haaqqah, aya ya 8. Baada ya kutajwa upepo ulioteremshwa juu ya Aad usiku saba na mchana nane, Allah anauliza kama unaona mabaki yoyote yao. Fungua na Suratul Ahqaf, aya ya 25, usome kilichobaki kuonekana baada ya adhabu: majumba yao. Nyumba. Qur'ani inakuuliza kama unaona mabaki yao, na wewe unajibu, "Ndiyo, ninayo kwenye simu."

Utaniambia, "Sheikh, lakini Allah amesema aliwazidishia umbo." Amesema, katika Suratul A'raaf, nami naamini. Hakutaja mita. Mita umeongeza wewe.

Sasa tusome kidogo, maana wanaorusha picha hizi wengi hawajawahi kujiuliza mfupa unakaaje ardhini miaka mingi bila kuoza.

Mfupa wa kawaida hauishi. Mbuzi akifia porini, fisi wanamla, jua na mvua vinamaliza mifupa, baada ya miaka michache huoni kitu. Ili kiumbe kiwe kisukuku lazima kifunikwe mapema, na tope la mto au la pwani, na mchanga, au majivu ya volkano, ili wanyama wasikitawanye na hewa isikiozeshe haraka. Nyama inaoza hata hivyo. Mfupa unabaki, nao una vitundu vidogo vidogo vingi. Maji ya ardhini yanapita humo yakiwa yamebeba madini, kama chokaa na silika, na kila yakipita yanaacha kidogo. Vitundu vinajaa. Mara nyingine mfupa wenyewe unaliwa polepole na nafasi yake inachukuliwa na madini, chembe kwa chembe, hadi unashika jiwe lenye umbo la mfupa. Ndiyo maana kisukuku ni kizito kuliko mfupa wa kawaida. Juu yake tope linaendelea kurundikana, linakandamiza, linakuwa mwamba. Kwa kukandamizwa huko mifupa hupasuka, hulaliana, mingine hupotea. Kumkuta mnyama mzima, safi, amelala chali kama mgonjwa wodini, ni jambo adimu mno.

Na si lazima kuwe na mfupa. Kule Laetoli, kusini mwa Olduvai, mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilikuta nyayo zilizokanyagwa juu ya majivu ya volkano. Majivu yalilowa kwa mvua, yakakanyagwa, yakaganda, yakafunikwa na majivu mengine. Watafiti wanazikadiria umri wa miaka milioni 3.6. Ni nyayo za nani? Hapo ndipo watu wanapogombana, na hilo lina darsa lake. Leo nataka ujue tu kwamba unyayo unaweza kudumu kuliko aliyeuweka.

Unataka kuona kisukuku bila nauli? Ukiwa Lamu, Kilwa au Mji Mkongwe, ingia msikiti wa zamani utazame ukuta pale chokaa ilipobanduka. Yale mawe ya matumbawe yalikuwa viumbe hai baharini. Bahari ikashuka, miamba ikabaki juu, wazee wetu wakaikata wakajengea nyumba za Allah. Umesali miaka thelathini ukiegemea visukuku, na bado unasubiri picha ya kompyuta ikuongezee imani.

Na kama unataka mifupa mikubwa, ya kweli, ya kukutetemesha, iko. Imetoka Tendaguru, mwendo wa kilomita kama 60 kutoka mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi mmoja Mjerumani aliona mfupa mkubwa ukichungulia ardhini. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani wakachimba pale, na ninaposema Wajerumani wamechimba, elewa waliosimama juani na majembe ni watu wa kusini, katika nchi iliyokuwa imetoka tu kwenye vita vya Majimaji na njaa iliyofuata. Ilipopamba moto kazi ilikuwa na watu karibu 500. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Sikiliza jina hilo. Mifupa ikafungwa, ikabebwa vichwani na mabegani siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla, ikapakiwa meli kwenda Berlin. Mnyama mmoja amesimamishwa katika jumba la makumbusho kule hadi leo, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Twiga ungempitisha chini ya kidevu chake. Wataalamu wanasema aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita, Tendaguru ikiwa karibu na bahari, na ndiyo maana tabaka za mifupa zimepishana na tabaka za makombe ya baharini.

Mwaka 2019 mnyama mwingine wa Tendaguru alipewa jina la kitaalamu Wamweracaudia keranjei: Wamwera ni watu wa huko, na Keranje ni Mohammadi Keranje, mmoja wa waliofanya kazi ya uchimbaji. Wageni wameandika jina la Mohammadi kwenye vitabu vya elimu, na sisi wenye majina hayo tunarusha kazi ya IronKite. Uliza watoto wa madrasa yako wangapi wamewahi kumsikia Boheti bin Amrani. Uliza na walimu.

Kuna atakayesema mimi nimeathirika na Wazungu. Basi tuwaache, twende kwa wanazuoni wetu. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 Hijria, katika Muqaddima yake aliwakemea wasimulizi wanaodai kuwa majengo makubwa ya kale yalijengwa na watu wenye miili ya ajabu. Akasema ukubwa wa majengo unatokana na nguvu ya dola na zana zao, na akataja nyumba za Thamud zilizochongwa kwenye majabali, ambazo milango yake ni ya watu kama sisi. Akakicheka pia kisa cha 'Uj bin 'Anaq, eti alikuwa akichukua samaki baharini na kumchoma kwenye jua. Ibn Kathir naye alikikataa kisa cha 'Uj katika tafsiri yake. Wametutangulia kwa zaidi ya miaka 600, bila intaneti.

Na hadithi ya Adam, dhiraa sitini? Ni sahihi, ipo kwa Bukhari na Muslim, na sitaigusa kwa mzaha. Ila Ibn Hajar, alipoisherehesha katika Fat-hul Bari, alitazama makazi ya Thamud, akaona hayaonyeshi watu warefu kupita kiasi, akasema wazi kwamba hapo pana mushkili ambao jibu lake halijamdhihirikia. Huyo ni Ibn Hajar! Bahari ya hadithi, na hakwenda kutafuta mchoraji amtengenezee mifupa. Aliamini hadithi, akaheshimu macho yake, akanyamaza pale elimu yake ilipoishia. Kuhusu miaka milioni nayo, Qur'ani haikutaja umri wa ardhi popote, kwa hiyo usimpige mtu ngumi kwa ajili ya namba ambayo Allah hakuitaja.

Unadhani haya ni mambo madogo? Kijana mmoja wa chuo aliniandikia mwaka jana. Alilelewa na baba aliyekuwa akimwonyesha picha hizi kama ushahidi kuwa Uislamu ni haki. Alipofika chuoni akaonyeshwa picha ya asili, ya mastodoni. Hakuniuliza kuhusu picha. Aliniuliza, "Sheikh, na mengine aliyonifundisha baba?" Nilikaa na swali hilo siku nzima kabla ya kujibu. Baba yake alikuwa na nia njema. Najua wewe pia una nia njema. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa inamtosha mtu dhambi ya uongo kusimulia kila anachokisikia, na Suratul Hujuraat imetuamuru tuhakiki habari. Hakuna aliyesema habari tamu kwa dini yetu haihitaji kuhakikiwa.

Sasa chukua simu yako. Rudi kwenye kila grupu ulilorusha ile picha na uandike kwamba ilikuwa ya uongo, na kwamba ni wewe uliyeileta. Usimtumie mtu mmoja mmoja kwa siri. Katika Suratul Baqarah, aya ya 160, waliopokelewa toba baada ya kuficha haki ni wale waliotengeneza na wakabainisha, na kilichosambazwa hadharani hubainishwa hadharani. Kama admini ni sheikh wako, mwambie kwa adabu, lakini mwambie.

Wallahu a'lam.