Namba ya IP siyo sura ya mtu

Wandugu, leo tuongee kuhusu namba ambayo kila mtu anaitaja ila wachache wameiangalia kwa karibu: anwani ya IP. Mtaani utasikia, "we andika tu ujinga wako, watakukamata kwa IP yako." Yako? Hebu subiri kwanza.

Ukiwasha mashine namba 7 pale kafe, mashine hiyo kwa kawaida haina anwani. Inapiga kelele kwenye mtandao wa ndani: jamani, nani anagawa namba? Seva inajibu: ipo hii hapa, 192.168.1.23. Mashine inasema, naichukua. Seva inamaliza: sawa, ni yako kwa muda fulani. Maneno manne, kazi imeisha. Utaratibu huo unaitwa DHCP, na msingi wake unaotumika mpaka leo uliandikwa mwaka 1997.

Sasa shika hayo maneno "kwa muda fulani". Seva haikupi namba, inakukodisha. Nusu ya muda ikifika, mashine inaomba iongezewe. Mashine ikizimwa na muda ukapita, namba inarudi kwenye fungu na anaweza kupewa mwingine. Ni kama chumba cha gesti. Jana usiku chumba namba 7 alilala fundi kutoka Morogoro, leo kalala mwalimu. Kitu kikiibiwa, huwezi kusema tu "mwizi ni wa chumba namba 7". Lazima ufungue kitabu cha wageni uone tarehe na saa.

Na hapo bado. Namba zinazoanza na 192.168 ni za ndani tu, hazitoki barabarani. Kafe nzima inatoka nje kwa anwani moja ya umma. Kampuni za simu nazo hufanya hivyo hivyo, zinabana wateja wengi nyuma ya anwani moja. Sababu ni uhaba. Anwani za mfumo wa zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na ghala kuu liligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. AFRINIC, shirika la ugawaji wa Afrika lenye makao Mauritius, tangu Januari 2020 liliweka kikomo cha anwani 1,024 kwa ombi moja.

Kwa nini nawachosha na mahesabu haya? Kwa sababu mwaka 2018 serikali ya Tanzania ilitoa Kanuni za Maudhui Mtandaoni. Wengi tulipigia kelele ile ada ya leseni ya blogu, na tulikuwa na haki. Lakini ndani yake kulikuwa na kipengele kuhusu kafe ambacho kilipita kimya kimya: kila kompyuta ya wateja iwe na anwani ya umma ya kudumu, kafe iwe na kamera, na wateja waandikishwe kwa vitambulisho. Mwaka 2020 zilitoka kanuni nyingine badala ya zile, ila wazo lililokuwa nyuma yake linastahili kuchambuliwa, maana mawazo kama haya huwa yanarudi.

Piga hesabu. Kafe yenye kompyuta 20 inahitaji anwani 20 za umma. Kafe 51 tu zinakaribia kumaliza lile fungu la 1,024. Nani atalipia? Mwenye kafe, halafu wewe kwenye bei ya nusu saa. Pia mashine yenye anwani ya umma, kama haina ukuta wa kuilinda, inakaa uchi mbele ya dunia nzima. Na mashine zetu tunazijua hali zake.

Tufanye basi pesa zipo. Je, mhalifu atajulikana? Hapana! Anwani ya kudumu inaonyesha kiti, haionyeshi aliyekikalia. Kwenye kiti kile kwa siku moja wanapita watu kumi. Kinachomtofautisha mmoja na mwingine ni saa. Na hapo ndipo hatari ilipo. Rekodi za seva nyingi ni za saa za UTC, sisi tuko mbele kwa saa 3. Rekodi ikisema 17:00, kwetu ni saa 2 usiku. Sasa daftari la kafe limeandikwa "saa 2", bila kusema asubuhi au usiku. Umeona? Kosa dogo la kalamu, na kijana aliyekuja asubuhi kutuma barua ya kazi anaulizwa maswali ya mtu wa usiku. Kumbukeni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 32, ilimpa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuamuru mwenye taarifa azitoe kwa ajili ya upelelezi.

Sisemi matapeli waachwe. Wapo wanaoibia mama zetu, na lazima watafutwe. Ila wakitafutwa, watafutwe sawasawa: seva itunze rekodi ya nani alikodishiwa namba gani na saa ngapi, saa za mashine zilingane, rekodi ikae kwa muda unaojulikana, na ikishaisha kazi ifutwe. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo hata lile daftari la majina pale kaunta siyo la kuachwa wazi kila mtu asome.

Mara nyingine ukiandikishwa kafe, angalia saa waliyokuandikia. Kama imekosewa, sema hapo hapo. Haya, uwanja ni wenu. Kafe yenu huko mtaani wanaandikaje?