Satelaiti iliitwa Uhuru, sisi tukalala

Juzi basi letu lilipata pancha usiku kati ya Iringa na Mbeya, karibu na Makambako. Abiria wakalaani. Mimi nilishuka nikatazama juu. Baridi kali, umeme hakuna, wingu hakuna, nyota zimejaa mpaka basi. Sisi wa Dar tumeshasahau mambo haya.

Nikakumbuka kitu ambacho shuleni hakuna aliyewahi kunigusia. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya Wamarekani, ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kupima eksirei za angani. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, wakaiita Uhuru. Neno letu, wadau!

Katika orodha ya Uhuru kulikuwa na chanzo kimoja cha eksirei ambacho mwaka 1976 kilijulikana ni AM Herculis. Satelaiti ya SAS-3, iliyorushwa hapo hapo mwaka 1975, ilisaidia kukitambua. Ni nyota mbili zinazozungukana kwa takriban saa 3. Moja ni kibete cheupe, yaani mabaki ya nyota iliyomaliza moto wake: ukubwa kama wa dunia, lakini sumaku yake ni mamilioni ya mara kuliko ya dunia. Inanyonya gesi ya mwenzake, sumaku inaielekeza kwenye ncha zake, na gesi inapoanguka huko inatoa eksirei.

Iko nyingine kama hiyo, HU Aquarii. Kila baada ya saa 2 na dakika 5 mwenza hupita mbele na kumziba kibete. Ukipima eksirei, urujuanimno na mwanga wa kawaida kwa pamoja, kila kimoja kinazimika na kurudi kwa wakati wake. Kwa sekunde hizo unajua kipi kinatoka wapi, ingawa hakuna darubini inayoweza kuzitenganisha nyota hizo kwa picha.

Sasa hoja yangu. HU Aquarii inapita karibu na utosi wa Mbeya, jioni za Agosti hadi Oktoba, kiangazi chenyewe. Eksirei tuwaachie wenye satelaiti. Mwanga wa kawaida unahitaji darubini yenye kioo cha sentimita 40 hivi na kamera nzuri. Afrika Kusini wana SALT tangu 2005, lakini anga haina mwenyewe: huku kukiwa usiku, Chile jua bado linawaka.

Najua mtasema madawati kwanza. Sawa. Lakini darubini hiyo haifikii bei ya shangingi moja jipya, na mashangingi tunanunua kila mwaka bila mjadala. Iringa kuna Mkwawa wanakofundwa walimu, Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Tuanzie hapo. Mwalimu aliyepima nyota kwa mkono wake hatafundisha fizikia ya kukariri.

Jina tulitoa, pwani ilitoa jukwaa. Bado macho. Mnaonaje?